Ng'oa, fyeka, nyunyiza, tenga au ingiza kondoo? Ulinganisho wa njia za kuwakinga farasi na mimea yenye sumu malishoni

Popote farasi wanapolishwa nje, njia zinazotumika ni tano: kung'oa magugu kwa mkono, kufyeka, kunyunyiza dawa, kuwatenga farasi kwa uzio, na kuingiza kondoo wale kile ambacho farasi hawapaswi kukigusa. Wengi huchagua kwa kupima nguvu kazi na gharama. Kipimo hicho kina nafasi yake, ila kisiwe cha kwanza. Cha kwanza ni hali ya malisho baada ya kazi kwisha: mmea umeondoka, au umekufa tu na kubaki palepale?

Mimea mingi haipotezi sumu yake inaponyauka. Baadhi hupoteza kitu kingine kabisa, nacho ni ule uchungu uliokuwa ukimfukuza farasi. Mmea ambao farasi aliupita msimu mzima ukiwa mbichi anaweza kuula bila kusita ukiwa umelala mkavu katikati ya nyasi. Tena farasi hatapiki. Akishameza, hakuna cha kurudisha nyuma. Kwa hiyo njia inayoua magugu vizuri lakini ikaacha mizoga ya mimea malishoni inaweza kuwa mbaya kuliko kutofanya lolote.

## Kwanza, ni sumu ya namna gani?

Hakuna njia moja inayofaa mimea yote, kwa sababu mimea haiui kwa namna moja.

Kuna ile inayoua kwa kipimo kidogo na kwa haraka. Miti ya jamii ya Taxus (yew kwa Kiingereza) ina taksini, sumu inayosimamisha moyo. Chini ya nusu kilo ya majani yake yatosha kumwangusha farasi mzima, na mara nyingi hukutwa ameshakufa kabla mtu hajaona dalili yoyote. Oleanda (Nerium oleander), ua linalopandwa sana kando ya nyumba na barabara, ni kali zaidi: kwa farasi wa kilo 500, gramu 25 hivi za majani makavu zinaweza kuhatarisha maisha. Mbegu za mbarika nazo zimo humu, maana farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nazo upesi. Kwa kundi hili hakuna kiwango salama. Mmea mmoja uliobaki ni mmoja mno.

Kundi la pili huua polepole kupitia ini. Jacobaea vulgaris, gugu lenye maua ya njano ambalo vitabu vya zamani huliita Senecio jacobaea, ndiyo maarufu zaidi, lakini spishi nyingine za Senecio na kadhaa za jamii ya marejea (Crotalaria) hufanya kazi hiyohiyo. Sumu zake ni alkaloidi za pirolizidini. Farasi hula kidogo leo na kidogo mwezi ujao, na madhara yanajumlishana. Ini lina akiba kubwa, hivyo dalili huchelewa kuonekana mpaka sehemu kubwa yake, kama robo tatu, iwe imeharibika. Hapo ndipo farasi anakonda, macho na ufizi vinakuwa vya njano, ngozi isiyo na rangi inaungua kwa jua, naye anaanza kuzunguka ovyo au kusukuma ukuta kwa kichwa. Kwa kundi hili unapigana na wingi na miaka, si na mmea mmoja.

La tatu linahitaji mlo mkubwa wa wiki nyingi. Kangaga aina ya Pteridium aquilinum lina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na farasi huanza kuyumba baada ya mwezi mmoja au miwili ya kulila kwa wingi. Likigunduliwa mapema, daktari hutibu kwa sindano za vitamini hiyo. Centaurea solstitialis, gugu lenye maua ya njano na miiba mirefu, huua sehemu ya ubongo inayoongoza midomo na ulimi. Farasi ana njaa, ana chakula mbele yake, lakini hawezi kukishika wala kukitafuna. Hilo halina tiba. Kundi hili huingia pale nyasi zinapokwisha, kwa hiyo mara nyingi ugonjwa wake ni wa njaa kabla haujawa wa sumu.

La nne hudondoka kutoka juu. Miti ya Acer pseudoplatanus na Acer negundo hubeba sumu iitwayo haipoglisini A katika mbegu zao zenye mbawa na katika miche inayoota baadaye. Farasi hupata ugonjwa wa misuli unaoua takriban robo tatu ya wanaoupata. Acer rubrum ni tofauti: majani yake mabichi si tatizo kubwa, lakini yakinyauka huvunja chembe nyekundu za damu, na gramu 750 hivi zaweza kumwua farasi wa kilo 500. Hapa gugu la kung'oa halipo. Kuna mti, upepo na majira.

## Njia tano kwa pamoja

| Njia | Inafaa hasa | Inachoacha ardhini | Farasi warudi lini | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Kung'oa | Magugu machache, mimea ya ini, mche mmojammoja | Shimo tupu na vipande vya mizizi | Mara tu mimea iliyong'olewa ikishatolewa nje | Kuacha marundo kando ya uzio |
| Kufyeka | Kuzuia mbegu kwa muda | Mabua yaliyokatwa, mashina hai | Baada ya kukusanya kila kilichokatwa | Kuacha mabaki yakauke palepale |
| Dawa | Magugu mengi kwenye eneo kubwa | Mimea mikavu yenye sumu | Mimea ikishaoza kabisa au ikishaondolewa | Kuhesabu siku za lebo peke yake |
| Uzio | Miti, vichaka, kingo za maji | Mmea wenyewe, ukiwa hai | Hawarudi, au warudi nje ya msimu wa hatari | Kuusogeza karibu mno |
| Kondoo | Magugu machanga ya kundi la ini | Mizizi na mashina magumu | Kondoo wakishamaliza na nyasi zikishapona | Kuwaleta mmea ukishachanua |

Jedwali linaonyesha sura tu. Tofauti halisi imo katika utekelezaji.

## Kung'oa

Ni njia ya taabu, na ndiyo ninayoiweka mbele kwa malisho madogo. Sababu ni moja: ndiyo pekee inayotoa mmea nje ya malisho siku hiyohiyo. Nyingine zote zinaacha kazi ya pili, na kazi ya pili ndiyo inayosahaulika.

Chagua siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa. Udongo mkavu hukata mzizi, na Jacobaea huchipua upya kutoka vipande vya mizizi vilivyobaki, wakati mwingine mashina matatu badala ya moja. Tumia uma wa chuma wenye meno marefu. Uchomeke sentimita 10 hivi kutoka kwenye shina, uinue udongo kwanza, kisha ndipo uvute mmea. Anayevuta kwa mikono mitupu anavuna majani.

Vaa glavu zisizopitisha maji na mikono mirefu, kwa kuwa utomvu wa mimea hii si wa kuchezea hata kwa mtu. Usikusanye marundo ya kuchukua baadaye. Beba gunia au sukuma toroli, uweke mmea ndani pindi unapotoka ardhini. Iliyokwisha kuchanua kata maua kwanza na uyafunge kwenye mfuko, maana kichwa cha ua kinaweza kuendelea kuivisha mbegu hata baada ya shina kukatwa. Mbegu za Jacobaea hukaa hai ardhini zaidi ya miaka 10, kwa hiyo mmea mmoja ulioachwa ukamwaga mbegu unakupangia kazi ya muongo mzima.

Wakati mzuri ni mwaka wa kwanza wa mmea, ukiwa bado duara la majani yaliyolala chini, na tena mwaka wa pili kabla maua hayajafunguka. Watu wengi hungoja maua ya njano kwa sababu ndipo mmea unapoonekana vizuri. Ni rahisi kwa macho, lakini umechelewa. Ukijua sura ya duara lile changa, umeshaokoa nusu ya kazi.

Pita malishoni kwa mistari yenye upana wa mita 3 hadi 5, ukiweka kijiti mwanzo na mwisho wa kila mstari. Bila mistari utarudia sehemu za katikati na kuacha kingo, na kingo ndiko magugu yanakoanzia.

Shimo lililobaki lijaze. Mwaga kiganja cha mbegu za nyasi, funika kwa udongo kidogo, kanyaga. Mahali patupu hujazwa na gugu kabla ya nyasi ukipaacha hivihivi, na kwato za farasi zinazidi kupachimbua. Wanaong'oa kila mwaka bila kupanda nyasi hulalamika kwamba njia haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila wameacha mlango wazi.

Udhaifu wake ni ukubwa wa eneo. Kabla ya kuanza, pima kipande cha mita 10 kwa 10 mahali penye magugu ya kawaida, ung'oe yote na uangalie saa. Zidisha kwa 100 upate muda wa hekta moja. Hesabu ikizidi siku ambazo watu wako wataweza kuja kweli, si zile wanazoahidi, acha. Kung'oa nusu ya malisho na kuacha nusu nyingine imwage mbegu ni kupoteza mwaka.

## Dawa ya magugu

Kwa hekta kadhaa zilizojaa, dawa ndiyo njia yenye matumaini. Ndiyo pia yenye mtego mkubwa kuliko zote.

Mtego wenyewe uko kwenye lebo. Lebo hutaja siku ambazo wanyama wasiingizwe baada ya kunyunyiza. Siku hizo zinahusu dawa. Hazihusu sumu ya mmea, ambayo haiondoki kwa sababu dawa imekauka. Mbaya zaidi, dawa za kundi la homoni kama 2,4-D na MCPA zinaweza kuongeza utamu wa majani yanapokufa, na farasi akavutiwa na kile alichokuwa akikikwepa. Lebo ikisema siku 14 na mimea ingali imesimama mikavu siku ya 30, farasi hawaingii siku ya 30. Wangoje mpaka mabaki yaoze na kutoweka, au uyakusanye kwa reki na kuyatoa nje. Mara nyingi hii ni wiki kadhaa, na katika majira makavu ni zaidi, kwa sababu mmea hauozi bila unyevu. Asiye na malisho mengine ya kuwahamishia farasi kwa muda huo asianze kunyunyiza.

Nyunyiza mmea ungali mchanga na unakua kwa nguvu. Ulioteswa na ukame hauipeleki dawa mizizini. Ukishatoa shina la maua, dawa nyingi huudhoofisha tu. Upepo uwe mdogo, na mvua isiwe karibu kwa saa zilizotajwa kwenye lebo.

Vipimo hukosewa sana na wanaotumia bomba la mgongoni. Pima mwendo wako kwa maji matupu. Weka maji, nyunyiza mita 10 kwa 10 kwa mwendo utakaotumia siku ya kazi, kisha pima maji yaliyotumika. Yakiwa lita 3, unatumia lita 300 kwa hekta. Bomba la lita 15 basi litafunika mita za mraba 500. Lebo ikitaka lita 2 za dawa kwa hekta, unahitaji mililita 100 katika kila bomba. Kuongeza kidogo ili ife vizuri huchoma majani haraka kabla dawa haijafika mizizini, na mmea unarudi.

Kuhusu aina: glaifoseti huua kila kitu cha kijani, nyasi zikiwamo, hivyo itumie kwa kulenga mmea mmojammoja au kwa kupangusa magugu marefu yaliyoipita nyasi fupi. 2,4-D na MCPA huacha nyasi lakini huua klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Aminopiralidi na klopiralidi ni hodari kwa mimea ya jamii ya Jacobaea na Centaurea, ila zina tabia ya kufuatana na mnyama: hupita tumboni mwa farasi bila kuvunjika, zinatoka na samadi, na samadi hiyo huharibu maharagwe, nyanya na viazi hata dawa iliyomo ikiwa kidogo mno. Ukigawa samadi kwa wakulima wa bustani, hili si jambo dogo. Kuijaribu ni rahisi: changanya samadi na udongo safi kwenye vyungu vichache, panda maharagwe, na vyungu vingine viwe na udongo peke yake. Majani yakijikunja na kuwa membamba ndani ya wiki tatu au nne, samadi hiyo irudi kwenye nyasi, isiende bustanini.

Kuna mahali ambapo dawa haina faida kabisa. Miche ya Acer pseudoplatanus iliyonyunyizwa imepimwa na kukutwa ingali na haipoglisini. Iliyofyekwa vilevile. Kwa miche hiyo ni kuing'oa na kuitoa, au kuwaondoa farasi.

## Kufyeka

Kama njia ya peke yake, siipendekezi. Mashine hukata mmea vipande na kuvitawanya juu ya nyasi, mahali hasa ambapo farasi hutia mdomo. Mmea wa miaka miwili kama Jacobaea ukikatwa kabla ya kutoa mbegu haufi, bali huahirisha kifo chake na kurudi mwaka unaofuata ukiwa na mashina mengi zaidi. Kufyeka kila mwaka kunaugeuza mmea wa muda kuwa mkazi.

Kuna mahali pake mawili. Kwanza, kama dharura: maua yamefunguka, wafanyakazi hakuna, na mbegu zitamwagika ndani ya siku chache. Fyeka, kusanya vyote, toa nje, kisha panga kazi ya kweli msimu ujao. Pili, kwa Centaurea solstitialis, ambayo huishi msimu mmoja na hutegemea mbegu tu. Ikikatwa chini ya matawi yake ya kwanza wakati vichwa 2 hadi 5 kati ya 100 vimeanza kuchanua, hupungua kweli. Ukikata mapema mno inachipua. Ukichelewa, umeisaidia kusambaza mbegu.

Nyasi zilizofyekwa zenyewe ni hatari nyingine. Marundo mabichi hupata joto na kuchacha, na farasi akiyala kwa pupa anapata msokoto wa tumbo.

## Uzio

Kwa kundi la kwanza na la nne, uzio ndio jibu la kwanza, kwa sababu kuukata mti wa Taxus au wa Acer si uamuzi wa wiki moja, na mara nyingine mti ni wa jirani.

Usipime kutoka kwenye shina. Pima kutoka ncha ya tawi linalotokeza zaidi, kisha ongeza mita 2 hadi 3. Farasi hunyosha shingo juu ya uzio zaidi ya mita moja, tawi huinama likiwa na maji ya mvua, na upepo hulivunja. Uzio wa umeme utumie utepe mpana unaoonekana, waya wa juu uwe kwenye mita 1.2 hadi 1.4, na kipimo cha umeme mwishoni kabisa mwa uzio kisipungue volti 3,000. Nyasi zinazogusa waya hunyonya umeme, kwa hiyo chini ya waya pasafishwe. Baada ya kila dhoruba tembea uzio mzima kabla ya kuwafungulia farasi. Kagua pia upande wa jirani: mtu aliyepunguza ua lake na kutupia matawi ng'ambo ya uzio kwa nia njema anaweza kuua farasi.

Kwa miti ya Acer uzio hautoshi peke yake. Mbegu zenye mbawa husafiri mbali, hata mamia ya mita penye upepo. Hapa unachotenga ni majira: mbegu zinapodondoka vulini na miche inapoota masika, farasi wawe sehemu nyingine. Isipowezekana, punguza muda wao nje uwe chini ya saa 6 kwa siku, wape hei (nyasi zilizokaushwa) ya kutosha, na usiiweke chini ya mti wala juu ya mbegu. Usikate mti ukiwa na mbegu, kwa kuwa utazimwaga zote kwa siku moja.

## Kondoo

Kondoo huvumilia alkaloidi za pirolizidini kuliko farasi, nao hula Jacobaea changa kwa hiari. Wakiingizwa mapema, mmea ukiwa bado chini, huudhoofisha sana. Faida ya pembeni ni kwamba kondoo humeza mabuu ya minyoo mingi ya farasi bila minyoo hiyo kuendelea. Lakini kuvumilia si kinga. Wakiachwa humo miaka, nao ini linachakaa, hivyo wawe kundi linalozungushwa. Na uvumilivu huo hauhusu Taxus wala oleanda. Mimea hiyo inawaua wao pia.

Hatari ambayo wengi hawaitarajii iko kwenye ndoo ya chakula. Vyakula vingi vya kondoo, ng'ombe na kuku hutiwa monensini (dawa ya kukinga vimelea vya utumbo) au dawa za jamii yake, na kwa farasi kiasi kidogo cha hiyo huharibu moyo bila tiba. Madini ya farasi nayo yana shaba nyingi kwa kondoo. Ukichanganya wanyama, tenganisha vihori, na mfuko wa chakula usome kabla ya kuufungua.

Viwavi vya nondo Tyria jacobaeae pia hula Jacobaea mpaka ibaki mifupa. Wanapendeza kuwatazama. Usiwategemee, maana idadi yao hupanda na kushuka, na mmea mara nyingi huchipua wakishaondoka.

## Uchague ipi

Hekta moja au mbili, magugu ya kutawanyika, farasi wawili watatu: ng'oa. Usinunue dawa.

Hekta tano zilizojaa, na una malisho mengine ya kuwahamishia farasi: nyunyiza magugu yakiwa machanga, ngoja mabaki yaoze, panda nyasi, kisha miaka inayofuata ng'oa yatakayojitokeza. Dawa ni ya kushusha idadi, mkono ni wa kuizuia isipande tena. Anayerudia dawa kila mwaka hajatibu chanzo, na chanzo kwa kawaida ni nyasi zilizochoka.

Hekta tano zilizojaa na huna pa kuwahamishia: gawa malisho kwa uzio wa umeme, shughulikia robo moja kwa wakati, na walishe hei wakati huo. Ni polepole, lakini kila robo ikikamilika inakuwa salama kweli.

Vichaka vya Taxus, oleanda au mbarika: toa kabisa na mizizi, kusanya kila jani. Kama si vyako, uzio, leo.

Njia yoyote utakayochagua itashindwa kama farasi wana njaa. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Nyasi zikishuka chini ya sentimita 7, ondoa wanyama, na warudi zikifika 15 au zaidi. Penye nyasi nzuri, hekta 0.5 hadi 1 kwa kila farasi ni kiwango cha busara. Farasi mgeni, au aliyetoka safarini, apewe hei ashibe kabla ya kufunguliwa kwenye malisho asiyoyajua.

## Hei, na siku mambo yanapoharibika

Malisho safi hayasaidii ikiwa robota limetoka kwenye shamba chafu. Ndani ya hei farasi hawezi kuchambua, na sumu ya Jacobaea, ya Crotalaria na ya kangaga hubaki baada ya kukaushwa. Muulize muuzaji shamba lilikuwa na nini, na liliwahi kunyunyizwa dawa gani. Kila robota lifungue, litikise, tazama mabua manene yenye vichwa vilivyokauka. Ukikuta moja, usitoe lile bua na kulisha yaliyobaki, kwani majani madogo yameshavunjika na kusambaa. Rudisha robota zima.

Farasi akitetemeka, akikojoa mkojo wa rangi ya kahawa, akiyumba, au akianguka ghafla, watoe wengine wote malishoni kwanza. Mpigie daktari wa mifugo. Anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa misuli wa Acer asitembezwe hata hatua za kumpeleka bandani kama ni mbali. Mfunike pale alipo. Usimnyweshe mafuta wala maziwa kwa nguvu, kwa kuwa anayeshindwa kumeza ataviingiza mapafuni. Chukua mmea mzima unaoushuku, wenye mizizi, majani na maua, uuweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwa farasi waliolishwa pamoja na mgonjwa wa ini, mwombe daktari awapime damu, hasa kimeng'enya cha ini kiitwacho GGT, hata kama wanaonekana wazima: kinaweza kupanda kabla ya dalili, na ndicho kitakachokuambia kama ulichokiona kwa mmoja kimewagusa wote.